Nakesha na madesa ya Baiolojia, mtihani unanishinda. Nihame kozi?

*"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23, niko mwaka wa kwanza kozi ya maabara ya afya katika chuo cha kati hapa Moshi. Kidato cha nne Baiolojia nilipata D. Muhula huu tuna Baiolojia ya jumla: seli, osimosisi, upumuaji, urithi, makundi ya viumbe. Kila siku napiga msuli hadi saa sita usiku, nakopi madesa yote kwenye daftari jipya, na nikisoma naelewa kabisa. Jaribio la kwanza nimepata 31 kwa 100. Kwenye hadubini nilichora seli za kitunguu, mwalimu akasema nimechora viputo vya hewa. Kila kitu ni Kiingereza, maneno magumu. Wenzangu wanasema Baiolojia ni ya kukariri tu, ukishindwa kukariri huna kichwa cha sayansi. Zimebaki wiki saba kabla ya mtihani wa mwisho. Nilipe tuisheni, au nihame kozi kabla sijadisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli?"*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na neno lililonisimamisha si hiyo 31. Ni pale uliposema "nikisoma naelewa kabisa". Hapo ndipo tatizo lilipo, na habari njema ni kwamba tatizo la namna hiyo linatibika. Umechanganya mambo matatu ukayaita jina moja, "sina kichwa". Kuna namna unavyosoma, kuna lugha, na kuna mikono yako kwenye hadubini. Hakuna hata moja kati ya hayo linalopima akili yako.

Tuanze na kusoma. Ukilipitia desa mara ya tano, macho yako yanayatambua maneno kama unavyomtambua mtu unayepishana naye kila asubuhi stendi. Sura unaijua, lakini ukiulizwa jina lake huna. Kukopi madesa kwenye daftari jipya ni vilevile: mkono unafanya kazi, kichwa kimepumzika. Mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani waliwagawa wanafunzi. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kusoma kifungu kilekile. Jingine lilikisoma kipindi kimoja, kisha vipindi vitatu vilivyobaki likawa linaandika linachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliosoma tu walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikumbuka kama asilimia 40, na wale waliojilazimisha kukumbuka walifikia kama asilimia 61. Wewe umekuwa ukijipima dakika 5 baada ya kusoma, saa sita usiku, daftari likiwa wazi mbele yako. Mtihani unakupima wiki kadhaa baadaye, daftari likiwa bwenini.

Kwa hiyo acha kukopi kuanzia leo. Soma kurasa mbili au tatu, funga daftari, chukua karatasi tupu, uchore mchakato wote kutoka kichwani: kinaanzia wapi, kinapita wapi, kinasukumwa na nini, kinaishia wapi. Ukikwama, usifungue daftari haraka. Kaa na huo mkwamo dakika mbili, kisha fungua, ujaze pengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Hizo alama za rangi nyingine ndizo somo lako la kesho. Mada hiyohiyo irudie kwa karatasi tupu baada ya siku 1, kisha siku 3, kisha siku 7. Mara ya kwanza itakuuma, maana utaona ulichokumbuka hakijazi hata robo ya karatasi. Usiogope.

Sasa lugha. Hapa wengi hudhani tabu ni Kiingereza peke yake. Tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari tukageuziwa Kiingereza, na maneno ya kitaalamu tukayapokea bila kuambiwa kwamba Kiswahili chetu cha nyumbani kinatumia neno moja pale ambapo Baiolojia inataka manne. Usipoligawa kwanza neno la Kiswahili, Kiingereza kitakaa juu ya mchanganyiko.

Chukua neno "mshipa". Nyumbani tunasema mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, mshipa umeshtuka, na wengine huita mshipa hata ngiri. Kwenye Baiolojia, ateri inatoa damu kwenye moyo, ukuta wake ni mnene kwa sababu presha ni kubwa. Veni inarudisha damu kwenye moyo, ukuta wake ni mwembamba, presha ni ndogo, na ndani ina vali zinazozuia damu isirudi nyuma. Neva haibebi damu kabisa, inabeba taarifa. Kano inaunganisha msuli na mfupa. Wewe utakayekuwa unatoa watu damu, huu si ufundi wa maneno. Unachoma veni kwa sababu iko karibu na ngozi, ukuta wake unapitika kirahisi, na ukitoa sindano damu inazuilika kwa kubonyeza tu na pamba.

Au neno "mdudu". Mgonjwa anatoka kliniki anasema ana wadudu wa malaria, mwingine mkojo wake una wadudu, mwingine kikohozi chake kimeletwa na mdudu. Kwa mazungumzo inatosha. Kwenye swali la makundi ya viumbe inakufelisha. Mdudu ni yule mwenye miguu sita na mwili wa sehemu tatu, kama mbu. Plasmodiamu anayeletwa na mbu ni kiumbe cha seli moja yenye kiini kilichofunikwa na utando. Bakteria wa kifua kikuu naye ni wa seli moja, lakini DNA yake haimo ndani ya kiini chenye utando. Virusi si seli kabisa: ni DNA au RNA ndani ya gamba la protini, na hawezi kuzaliana mpaka aingie kwenye seli ya mwingine. Ukishaona tofauti hizo, utaelewa kwa nini dawa inayovuruga ukuta wa bakteria haimgusi virusi wa mafua. Hana huo ukuta. Hukukariri, umefikiri.

Neno la tatu ni "kupumua". Kuingiza na kutoa hewa kwa mapafu ni jambo moja, upumuaji wa seli ni jingine: ndani ya seli glukosi inavunjwa hatua kwa hatua ili nishati yake ihifadhiwe kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya kutumiwa na seli. Mmea hauna mapafu, lakini seli zake zinapumua usiku na mchana. Kanuni ya kwamba mimea "hupumua usiku tu" ifute kabisa. Mchana inapumua pia, ila usanisinuru unaizidi kasi kwenye mwanga, ndiyo maana oksijeni inayotoka ni nyingi kuliko inayotumika. Na kama unataka kuuona upumuaji usiotumia oksijeni, tazama mbege, pombe ya ndizi, inapochacha. Hamira wanavunja sukari ya ndizi, alkoholi inabaki, kabonidayoksaidi inapanda kama mapovu. Msuli wako ukikosa oksijeni ya kutosha unapokimbia, hautoi alkoholi, unatoa laktiki asidi. Njia zote mbili zinapata ATP 2 tu kwa glukosi moja. Kwa oksijeni, vitabu vya zamani vinaandika 36 au 38, vipya 30 hadi 32, kwa sababu hesabu ya ATP zinazotengenezwa kwenye mitokondria, sehemu ya seli inayotoa nishati kwa kutumia oksijeni, imerekebishwa. Kwenye mtihani andika namba aliyofundisha mwalimu wako.

Utaratibu wa lugha ni huu. Mchakato ujieleze kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, kama unamweleza mama mlezi wa hosteli. Ukishapita bila kukwama, ndipo uweke neno la Kiingereza juu ya kila hatua. Na maneno marefu yavunje. "Hemo" ni damu, "lisisi" ni kuvunjika au kuachana, basi hemolisisi ni kuvunjika kwa seli nyekundu. "Fago" ni kula, "saito" ni seli, basi fagosaiti ni seli inayokula. Vipande thelathini hivi vitakufungulia mamia ya maneno. Andika vitano kwa siku, usizidishe.

Nataka tukae kidogo kwenye osimosisi, kwa sababu umeitaja, na kwa sababu ukiielewa hiyo utakuwa umeshika nusu ya mada ya seli. Kosa linalojirudia kwenye majibu ni "chumvi inavuta maji". Molekuli za maji zinatembea ovyo pande zote wakati wote, zinapita kwenye utando wa seli kwenda na kurudi. Penye chumvi au sukari nyingi iliyoyeyuka, sehemu ya maji imeshikiliwa na chembe hizo, kwa hiyo maji yaliyo huru ni machache. Upande wenye maji huru mengi unapeleka molekuli nyingi kuliko unazopokea. Hiyo tofauti ya kwenda na kurudi ndiyo osimosisi. Jibu kamili lina vitu vitatu: ni maji yanayohama kwa ujumla wake, yanatoka penye maji huru mengi kwenda penye machache, na yanapita kwenye utando unaopitisha maji lakini unazuia kilichoyeyuka. Ukiacha kimoja, umeacha maksi.

Sasa ione kwa macho yako, na hapohapo tutatibu hadubini. Nunua kitunguu maji kimoja chekundu pale soko la Mbuyuni. Kikate vipande vinne, chukua gamba moja nene lenye rangi ya zambarau upande wa nje. Livunje kwa kulikunja bila kulikata, na pale lilipovunjika utaona ngozi nyembamba kama nailoni inaning'inia upande ule wa zambarau. Ivute taratibu kwa kibanio. Kata kipande cha milimita 5 kwa 5, si zaidi. Kipande kikubwa kinajikunja, na ngozi ikijikunja unatazama tabaka mbili za seli kwa mara moja, kila kitu kinakuwa ukungu. Weka tone moja la maji katikati ya slaidi, laza ngozi ndani ya tone, inyooshe kwa sindano. Kioo cha kufunikia kisimamishe ukingo mmoja ndani ya maji kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, kisha kishushe polepole ukikizuia kwa sindano, ili maji yaisukume hewa mbele yake. Ukikidondosha tu, hewa inanaswa chini, na hapo ndipo ulipopata vile viputo vyako.

Kiputo ni duara kamili, kina ukingo mnene mweusi, katikati peupe, na viputo vina ukubwa tofautitofauti. Seli za ngozi ya kitunguu zimebanana kama matofali ya ukuta, ndefu, kuta zake nyembamba, na ukubwa wake unakaribiana. Kama unachokiona hakimgusi jirani yake, ujue si seli ya kitunguu.

Anza na lenzi fupi kuliko zote, ya mara 4. Ukiwa unaangalia kwa pembeni, si kupitia lenzi ya jicho, pandisha meza mpaka slaidi ikaribie lenzi. Kisha angalia ndani na uishushe taratibu kwa skrubu kubwa mpaka picha itokee. Hamia lenzi ya mara 10, safisha picha kwa skrubu ndogo. Ukifika lenzi ya mara 40, skrubu kubwa usiiguse tena, utavunja slaidi na kukwaruza lenzi. Ukuzaji ni lenzi ya jicho mara lenzi ya chini: 10 mara 40 ni 400. Mwanga nao upunguze kwa kiwambo kilicho chini ya meza. Wanafunzi huufungua wote, na seli zisizo na rangi zinapotea kwenye mng'ao.

Ukishaziona seli za zambarau vizuri kwa lenzi ya mara 10, usiondoe slaidi. Yeyusha kijiko kidogo cha chumvi kwenye nusu glasi ya maji. Dondosha tone moja kwenye ukingo wa kioo cha kufunikia, na ukingo wa upande wa pili gusisha kipande cha tishu. Tishu inanyonya maji ya chini ya kioo, maji ya chumvi yanafuata. Baki unatazama. Ndani ya dakika chache ile zambarau iliyojaza tofali lote inaanza kuachana na ukuta, kwanza kwenye pembe, halafu inajikusanya katikati kama kipande cha nguo kilichorowa na kukunjwa. Ukuta haujasogea. Kilichopungua ni maji ya ndani, na hapo umeona plazimolisisi. Sasa fanya vilevile kwa maji matupu, na kama seli haijafa, zambarau itatanuka kurudi ukutani. Ukiliona hilo mara moja, hutasahau tena kwamba ukuta wa seli na utando wa seli ni vitu viwili.

Kwenye mchoro tumia penseli, mistari safi, usipake kivuli. Usichore kloroplasti. Kitunguu hukaa ardhini, ngozi yake haina, ila wanafunzi huzichora kwa sababu picha ya kitabuni inazo. Na ukitaka kumpendeza msahihishaji, pima seli. Weka rula angavu chini ya lenzi ya mara 4, hesabu milimita zinazoonekana kutoka ukingo hadi ukingo. Tuseme ni 4.5. Kwa lenzi ya mara 10 uwanja huo unakuwa 4.5 mara 4 gawa kwa 10, yaani mm 1.8. Kama seli 6 zimejipanga urefu kuuvuka uwanja, kila moja ina mm 0.3. Ukiichora kwa urefu wa mm 90, ukuzaji wa mchoro wako ni mara 300, hata kama hadubini ilikuwa mara 100. Hizo namba mbili zinawachanganya wengi sana.

Hamisha sasa ulichokiona uende hospitali. Seli nyekundu ya damu haina ukuta, ina utando tu. Ukiitia kwenye maji matupu, maji yanaingia na hakuna cha kuizuia, inapasuka. Seli ya kitunguu kwenye maji hayohayo inakakamaa tu. Ndiyo sababu dripu ya salaini ina chumvi asilimia 0.9, ili maji yanayoingia na kutoka kwenye seli yalingane. Na jiulize swali la pili: kwa nini pakiti ya ORS, ile dawa ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, ya lita 1 ina gramu 13.5 za glukosi wakati mgonjwa wa kuhara amepoteza maji na chumvi? Kwa sababu kwenye ukuta wa utumbo kuna protini inayopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja. Glukosi ikiwepo, sodiamu inaingia kwa wingi, na maji yanaifuata kwa osimosisi. Ukizidisha sukari kwa kukisia, maji yanatoka mwilini kuingia utumboni na kuhara kunaongezeka. Swali la namna hii halipo kwenye madesa yako, lakini mtihani mzuri huuliza hivyohivyo. Kila mada unayosoma, jitungie mawili ya aina hiyo: "ikiondolewa hii, nini kitatokea?"

Kuhusu karatasi ya mtihani kwa kifupi. "Taja" ni orodha, usipoteze muda. "Eleza" inataka sababu, sentensi yako iwe na "kwa sababu" ndani yake. "Tofautisha" inataka pande zote mbili kwa sifa ileile: ukuta wa ateri ni mnene, wa veni ni mwembamba. Ukiandika "ateri ina ukuta mnene, veni ina vali", umelinganisha vitu viwili visivyolingana. Swali la maksi 4 linataka hoja nne, si ukurasa mzima.

Tuisheni? Sikukatazi, lakini usilipe kabla ya kujaribu wiki mbili za karatasi tupu. Tuisheni nyingi ni desa jingine linalosomwa kwa sauti, na utatoka ukiwa na hisia ileile ya "nimeelewa". Inafaa kama mwalimu anakuuliza wewe, anakuacha ukwame, anasahihisha maandishi yako. Kundi la watu watatu au wanne linaweza kukufanyia hivyo bure, ila liwe la kuulizana. Msikae mmoja anasoma wengine wanatikisa kichwa.

Kuhama kozi kwa sababu ya jaribio moja la kwanza, mimi sikushauri. Lakini nisikufiche: zipo sababu halali za kuhama. Kama baada ya wiki nne za njia hii bado huvutiwi kabisa na kile kinachotokea ndani ya slaidi, kazi ya maabara itakuchosha, maana ndiyo siku yako nzima. Na sapu, yaani mtihani wa kurudia somo ulilofeli, si mwisho wa dunia, ila usiipange. Uliza ofisi ya taaluma kwa maandishi ni maksi ngapi za mazoezi zinahitajika ili uruhusiwe kuingia mtihani wa mwisho, na za chuo chako zinahesabiwaje. Usitegemee maneno ya kantini.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyamaliza kutoka huku. Chukua karatasi ile ya 31, nenda kwa mwalimu wako ana kwa ana, umwombe akuoneshe maswali matatu ambako maksi nyingi zilipotea. Usiombe kuongezewa, omba kuoneshwa, utapokelewa tofauti. Fundi sanifu wa maabara mwombe nusu saa ya hadubini nje ya kipindi, nenda na kitunguu chako. Kama kichwa kinakuuma kila unapotumia hadubini, au maandishi ya ubaoni yana ukungu, huenda ni macho: kliniki ya macho ya KCMC ipo hapohapo Moshi, kapime kabla hujajilaumu zaidi. Na kama usingizi umekukimbia, hamu ya kula imeisha, au unalia kwa zaidi ya wiki mbili, mwone mshauri wa wanafunzi au daktari wiki hiihii, na masomo yatafuata. Kulala saa sita usiku na kuamka alfajiri kila siku nako kunakula kumbukumbu unazozitafuta. Funga daftari saa nne.

Jumamosi anza na kitunguu. Jumapili, bila kuangalia popote, kichore kwenye karatasi tupu: kwanza kwenye maji, kisha kwenye chumvi, na kando ya kila mchoro andika kwa Kiswahili maji yameenda wapi na kwa nini. Kiingereza kiweke Jumatatu.